Malengo ya Dunia na Rejista ya Chama cha Msingi

Katika ofisi nyingi za serikali, na hata katika baadhi ya ofisi za vyama vya msingi, imebandikwa ukutani karatasi yenye miraba 17 ya rangi mbalimbali. Kila mraba una namba, picha ndogo na maneno machache: kutokomeza umaskini, kukomesha njaa, afya njema, elimu bora, na kuendelea hivyo hadi namba ya mwisho. Mwanachama aliyekuja kuulizia malipo yake ya pili huitazama karatasi hiyo akingoja zamu yake, huisoma yote, kisha huondoka bila kufahamu kama inamhusu au ni pambo la ukuta tu.

Karatasi hiyo inamhusu, tena kwa jambo lililo karibu sana na malipo yale anayoyaulizia. Makala haya yanakusudia kueleza malengo hayo ni kitu gani, kwa nini hayajawaingia watu wengi akilini, na ni wapi hasa yanapokutana na kazi ya kila siku ya katibu wa chama cha msingi cha kahawa.

ASILI YA MALENGO

Usemi "maendeleo endelevu" ulienea duniani baada ya mwaka 1987, ilipotolewa taarifa ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Bibi Gro Harlem Brundtland wa Norway. Maana iliyotolewa na tume hiyo ni kwamba watu wa leo wakidhi mahitaji yao bila kuwanyima watu wa kesho uwezo wa kukidhi ya kwao. Mkulima wa kahawa hakuhitaji tume kumweleza jambo hilo. Mkahawa ulioachwa bila kupogolewa, ukabebeshwa matunda kuliko nguvu zake, hutoa mavuno ya kutajika mwaka mmoja, kisha vitawi vyake hukauka na mwenye shamba akakaa misimu kadhaa akiusubiri upate nguvu tena.

Mwaka 2000 mataifa yalikubaliana juu ya Malengo ya Milenia, yaliyokuwa 8, nayo yalikoma mwaka 2015. Tarehe 25 Septemba 2015, mjini New York, nchi 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa zilipitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu yanayotakiwa kutimizwa ifikapo mwaka 2030. Malengo ni 17. Ndani yake mna shabaha 169, na kila shabaha ina viashiria vyake vya kupimia, ambavyo kwa jumla ni zaidi ya 230. Yale ya kwanza yaliziandama hasa nchi maskini. Haya ya sasa yanazibana nchi zote, pamoja na zile tajiri ambazo zilizoea kukaa kwenye kiti cha mwalimu.

Hata hivyo malengo haya si sheria. Hakuna mahakama inayoweza kuishtaki nchi iliyoshindwa kuyatimiza. Kila nchi hujitolea kutoa taarifa yake yenyewe mbele ya nchi nyingine; Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2019 na tena mwaka 2023. Kwa hiyo mkaguzi halisi wa malengo haya ni mwananchi, na kila aliyewahi kushika kazi ya ukaguzi anajua kwamba hesabu haikaguliki na mtu asiyejua kilichoahidiwa.

Kuhusu hali yalivyo, taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2025 haikuficha neno. Miongoni mwa shabaha zilizokuwa na takwimu za kutosha, ni asilimia 35 tu zilizokuwa zikienda vizuri au kwa wastani. Karibu nusu zilikuwa zikijikokota, na asilimia 18 zilikuwa zimerudi nyuma ya pale zilipokuwa mwaka 2015. Watu wapatao milioni 673 walikuwa na njaa duniani mwaka 2024, na katika Afrika mtu zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa miongoni mwao. Fedha zinazopungua ili kuyatimiza malengo katika nchi zinazoendelea zimekadiriwa kuzidi dola trilioni 4 kwa mwaka. Maradhi ya UVIKO-19, vita, mzigo wa madeni na mabadiliko ya tabianchi ndiyo hutajwa kuwa sababu, na zote ni za kweli. Iko sababu nyingine isiyotajwa mara nyingi.

ELIMU ILIYOISHIA UKUTANI

Wale walioyaandika malengo walijua kwamba hayatatimia bila kufahamika. Ndiyo maana shabaha ya 12.8 inataka kwamba ifikapo mwaka 2030 watu wa kila mahali wawe na habari na ufahamu unaohusu maendeleo endelevu, na shabaha ya 4.7 inawataka wanafunzi wote wapate elimu hiyo. Kufahamika kwa malengo ni sehemu ya malengo yenyewe. Lakini namna iliyotumika mara nyingi kuyafahamisha imekuwa ni semina ya siku mbili katika ukumbi wa hoteli, yenye wajumbe walewale waliohudhuria semina iliyopita, na mwishowe mabango na fulana. Mtu akitoka hapo anaweza kuyataja malengo 17 kwa mfuatano kama mtoto anavyotaja jedwali la kuzidisha, na bado asijue afanye nini siku ya Jumatatu.

Nchi hii iliwahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi katika redio, wakasoma kijitabu kilichoandikwa kwa lugha nyepesi, wakajadiliana, kisha wakaamua jambo la kufanya. Vyoo vilichimbwa, nyasi zikafyekwa, madimbwi ya mbu yakafukiwa. Baadaye zilifuata kampeni za "Chakula ni Uhai" mwaka 1975 na "Misitu ni Mali" mwaka 1980. Mambo manne yalishikamana katika kampeni hizo: sauti ya redio, maandishi mepesi, mazungumzo ya watu wanaofahamiana, na kazi ya mikono baada ya somo. Mtu hakuulizwa kama amelielewa somo; ilitosha kwenda kutazama uani kwake.

Vyama vya ushirika vina mahali tayari pa kufanyia elimu ya namna hiyo. Kanuni ya tano ya ushirika duniani, kama zilivyothibitishwa upya mwaka 1995 mjini Manchester, inakitaka kila chama kitoe elimu na habari kwa wanachama wake, na kanuni ya saba inakitaka kiijali jamii inayokizunguka. Mkutano Mkuu upo. Siku za kupokea kahawa zipo, ambapo watu hukaa foleni muda mrefu bila la kufanya. Kinachokosekana ni somo linaloanzia mahali mwanachama alipo.

Mfano ni lengo la 13, linalohusu tabianchi. Katibu akisimama na kusema kwamba dunia nzima ichukue hatua kuhusu mabadiliko ya tabianchi, wanachama watapiga makofi na kwenda zao. Akifungua vitabu vya mapokezi vya miaka 20 na kuwasomea kilo zilizoletwa kila msimu, kila mmoja atakuwa na la kusema. Wengine watasema mikahawa imezeeka, wengine kwamba vijana hawataki jembe, na wengine kwamba bei ilikatisha tamaa, na wote watakuwa na sehemu ya ukweli. Hapo ndipo pa kuwaeleza kwamba mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliohusu kahawa ya arabika ya Tanzania, uliogundua kwamba kila nyuzijoto moja inayoongezeka katika baridi ya usiku huenda na upungufu wa kilo zipatazo 137 za kahawa kwa hekta. Usiku usiokuwa na baridi ya kutosha humfikia mkulima kabla ya habari yoyote ya redio. Kutoka hapo mazungumzo ya kivuli, miti na aina za mikahawa yenye kustahimili yataanza yenyewe, na bwana shamba atapata wasikilizaji.

MALENGO YANAYOGOMBANA

Jambo jingine ambalo mabango hayasemi ni kwamba malengo haya hugombana. Miraba imepangwa safi ukutani kana kwamba kila mmoja una uwanja wake, lakini katika mteremko wa mlima yote hunywa mto mmoja. Kahawa inayomenywa na kuoshwa vizuri hupata bei bora, na bei bora ni sehemu ya lengo la kwanza la kuondoa umaskini na la pili, ambalo katika shabaha ya 2.3 linataka mapato ya wakulima wadogo yaongezeke maradufu. Kuosha kahawa kunahitaji maji mengi, na maji yaliyokwisha kutumika, yakiwa na utelezi na maganda, huchacha na kuharibu mto kwa walio chini. Hao nao wana lengo lao, la 6, linalohusu maji safi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini mashine nyingi za kumenya kahawa zilijengwa kando ya maji muda mrefu kabla yake, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa maana.

Chama kinachofikiriwa hapa hakina budi kuamua: kuchimba mashimo ya kutuama maji, kutumia maji yaleyale zaidi ya mara moja, kuyaoza maganda yawe mbolea, na kuyalipia yote hayo kutoka katika ushuru wa chama. Uamuzi huo utapunguza malipo ya msimu mmoja au miwili. Haifai kuwaficha wanachama gharama hiyo ili wakubali haraka, maana mtu aliyekubali jambo bila kuambiwa gharama yake huwa wa kwanza kulivunja.

MSITU WA ULAYA KATIKA KIHAMBA

Shabaha ya 15.2 ilitaka ukataji wa misitu ukomeshwe duniani ifikapo mwaka 2020. Mwaka huo ulipita na misitu ikaendelea kukatwa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayokataza kuingiza katika soko lake bidhaa saba, nazo ni kahawa, kakao, ng'ombe, mawese, soya, mpira na mbao, pamoja na vitu vinavyotengenezwa kutokana nazo, endapo zimetoka katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo. Inafuata ahadi ile ile ya mwaka 2020. Utekelezaji wa sheria umeahirishwa mara mbili. Mabadiliko yaliyofanywa Desemba 2025 yaliweka tarehe 30 Desemba 2026 kwa makampuni makubwa na ya kati, na 30 Juni 2027 kwa yale madogo.

Hapa ndipo karatasi ya ukutani inapogusa malipo ya pili. Kwa sheria hiyo, kampuni inayoingiza kahawa Ulaya inatakiwa ionyeshe shamba ilikotoka kahawa hiyo, kwa namba za mahali lilipo juu ya uso wa dunia. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kutajwa kwa nukta moja. Linalozidi hapo huchorwa mipaka yake yote. Vihamba vya Kilimanjaro kwa kawaida ni vidogo, na kila kimoja kitahitaji nukta yake. Kahawa ya wanachama mia tatu iliyochanganywa katika ghala moja ina maana ya nukta mia tatu, na nukta moja ikikosekana au ikiwa ya uongo, shehena yote iko mashakani.

Wapo watakaosema kwamba huu ni uonevu, kwa kuwa mkulima mwenye ekari moja ya kahawa chini ya migomba hakukata msitu wowote. Wana hoja. Kihamba cha Kilimanjaro, chenye miti mirefu juu, migomba katikati na kahawa chini yake, kimesifiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ambalo mwaka 2011 liliitambua Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Lakini sifa hiyo hiyo inaweza kuwa balaa. Picha zinazopigwa na setilaiti huona vilele vya miti tu. Kihamba chenye kivuli kizuri huweza kuonekana kama msitu, na mwenye kihamba akikata mti mmoja au miwili ya kupaulia nyumba, ikaonekana kwamba msitu umefyekwa. Utetezi wa mkulima huyo hautatoka angani. Utatoka katika maandishi yaliyowekwa mapema, yanayosema kwamba hapa ni shamba la kahawa tangu mwaka fulani, na mashahidi ni hawa.

Swali kubwa basi ni nani atakayeshika maandishi hayo. Kukusanya nukta ni kazi yenye gharama, na mnunuzi mwenye mtaji yuko tayari kuifanya bure kwa kutuma vijana wake wenye simu. Ubure huo una bei yake. Atakayekuwa na orodha ya vihamba vyote, kilo zake na majina ya wenyewe, ndiye atakayejua nani anazalisha nini, na mnunuzi mwingine hataweza kununua kahawa hiyo kwa ajili ya Ulaya bila kumwendea yeye. Vyama vya ushirika vilianzishwa katika miteremko hii, tangu kile chama kikuu cha mwaka 1933, ili mkulima asiwe peke yake mbele ya mizani ya mnunuzi. Mizani ya sasa ni orodha. Chama kinachoiacha kwa mtu mwingine kitakuwa kimerudisha kwa mkono wa kushoto kile kilichopiganiwa kwa mkono wa kulia.

Iko pia haki ya mwanachama mwenyewe. Jina la mtu pamoja na mahali pa shamba lake ni taarifa binafsi, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwanachama aelezwe taarifa hizo zinachukuliwa kwa ajili gani na zitapewa nani, na idhini yake iandikwe. Kumbukumbu ya Mkutano Mkuu peke yake haitoshi.

JINA LILILOANDIKWA

Rejista ikifunguliwa kwa ajili ya nukta, kitaonekana kitu kingine. Katika vyama vingi majina mengi sana ni ya wanaume. Wachumaji, wamenyaji na waanikaji kwa sehemu kubwa ni wanawake. Hutokea mjane akaleta kahawa kwa miaka kwa namba ya marehemu mumewe, na katibu akaipokea kwa wema, lakini mjane huyo hana kura, hawezi kukopa, wala hawezi kugombea nafasi katika bodi. Siku mashemeji watakapodai kihamba, daftari la chama litakuwa limeshuhudia upande wao bila kukusudia.

Lengo la 5 lina kiashiria kinachopima jambo hilo hasa: ni watu wangapi miongoni mwa wakulima wana haki ya uhakika juu ya ardhi wanayoilima, wanaume kwa upande wao na wanawake kwa upande wao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki ya ardhi iliyo sawa na ya mwanamume. Mila ya kumrithisha kihamba mtoto wa kiume haikufutika kwa kuandikwa kwa sheria hiyo, na chama cha msingi si baraza la ukoo. Kinachowezekana kwa chama ni kutokuongeza dhuluma kwa uvivu wa kalamu. Ukurasa wa mwanachama uonyeshe nani analima kihamba hicho kwa hakika. Namba ya marehemu ifungwe kwa utaratibu wa masharti ya chama, na anayeendeleza shamba aelezwe jinsi ya kuomba uanachama kwa jina lake. Kazi hii ni bora ifanywe sasa, wakati nukta zinachukuliwa, kwa kuwa jina litakaloandikwa kando ya nukta ndilo litakalosafiri na kahawa hadi Ulaya, na litakuwa gumu kubadilishwa baadaye.

KUCHUKUA NUKTA

Nukta huchukuliwa kwa simu ya kisasa yenye uwezo wa kuonyesha mahali. Anayeichukua asimame ndani ya kihamba, kati ya mikahawa, wala si nyumbani kwa mwenye shamba au barabarani, naye asubiri dakika chache hadi simu itulie, hasa mahali penye miti mingi. Zitatokea namba mbili, ya kwanza ya kusini au kaskazini na ya pili ya mashariki. Sheria ya Ulaya inataka tarakimu zisizopungua sita baada ya nukta ya desimali, kwa hiyo zisifupishwe zinapohamishwa daftarini. Mwenye kihamba awepo, na jirani mmoja awe shahidi.

Namba ya kwanza, kwa mashamba yote ya Tanzania, hutanguliwa na alama ya kutoa, kwa sababu nchi yote iko kusini ya ikweta. Makarani wengi huiacha alama hiyo wakidhani ni kistari tu. Ikiachwa, kihamba cha Machame kitasomeka kuwa kiko katika jangwa la Chalbi, kaskazini ya Kenya, mahali ambapo haujapata kuota mkahawa hata mmoja.